Figo za Profesa Mtagwa

Jamhuri ya Shangilia haimo kwenye ramani yoyote, na mtu akidhani amewahi kuiona, basi ameifananisha na nyingine. Ni nchi nzuri. Mungu aliipa kila kitu, na serikali ikakipokea kwa niaba ya wananchi. Mji wake mkuu unaitwa Vifijo, na katikati ya Vifijo kuna Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Taifa, jengo refu lililopakwa chokaa upande wa barabarani tu, kwa kuwa upande wa nyuma hupitwa na wagonjwa peke yao.

Humo, katika ghorofa ya chini, mlikuwa na Maabara ya Utafiti wa Figo, na humo maabarani alifanya kazi Dakta Hidaya Sekivunga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno, ambaye angeweza kumchoma panya sindano bila panya mwenyewe kukatiza mlo wake. Ufundi huo alifundishwa na mkuu wa maabara, Profesa Idrisa Mtagwa, mzee mkavu kama ufito, aliyevaa koti jeupe lililochakaa viwikoni. Hidaya alipofika chuoni kutoka bara hakuwa na ndugu mjini. Profesa akampa elimu, na mkewe Profesa, Bi Mwanahawa, akampa wali. Akawaita Mwalimu na Mama, nao wakaitika.

"Maabara ni nyumba ya aibu, Hidaya," Profesa alizoea kumwambia wakiosha vioo pamoja. "Mtu huingia humu kuambiwa kakosea, kisha hushukuru. Asiyeweza kushukuru na akafungue duka."

Sasa, mwaka ule Mtukufu Rais wa Shangilia aligundua dawa. Aliigundua shambani kwake, akiwa amepumzika, alipomwona mbuzi wake akila majani fulani na kisha akilia kwa sauti yenye matumaini. Rais alikuwa na kipaji cha kuelewa mbuzi. Akaagiza majani yapondwe, yachemshwe na sukari guru, na rojo lake likatiwa kwenye chupa za kijani zenye picha yake. Dawa ikaitwa Faraja, na ikatangazwa kwamba inatibu figo. Kwa nini figo, isiwe ini au bandama? Kwa sababu Waziri wa Afya na Uchangamfu, Mheshimiwa Kongwe Mabruki, alikuwa na mabango ya figo yaliyobaki kutoka sherehe iliyoahirishwa, na serikali ya Shangilia haipendi kutupa vitu.

Kwa kuwa Shangilia ni nchi ya kisasa, dawa haikuruhusiwa kusambazwa kabla sayansi haijaipongeza. Chupa zikaletwa maabarani kwa gari lenye king'ora.

Profesa Mtagwa aliwanywesha panya weupe. Panya wakavimba, wakaacha kukojoa, wakalala ubavu, wakafa. Akawapasua, akakuta figo zimesinyaa kama kokwa za tende. Akaandika wizarani kwa lugha yake ile kavu kwamba dawa hii haitibu figo bali inaziua.

Waziri akaja mwenyewe, na tumbo lake likaingia mlangoni kwanza kama mlinzi anayekagua usalama.

"Profesa," akauliza, "panya hawa wametoka wapi?"

"Wameagizwa kutoka ng'ambo, Mheshimiwa. Ndio wanaotumika duniani kote."

"Ahaa!" Waziri akawageukia waandishi wa habari aliokuja nao. "Mmesikia? Panya wa ng'ambo. Hawana uchungu na nchi hii. Wamekufa makusudi."

Basi wakakamatwa panya wazawa kwenye maghala ya mahindi, wakapigiwa wimbo wa taifa kwa redio iliyowekwa juu ya vizimba, kisha wakanyweshwa. Nao wakafa, tena upesi zaidi. Wizara ikatoa waraka kwamba kuanzia siku hiyo hakuna panya wa serikali atakayekufa bila kibali, na askari akawekwa mlangoni kuhakikisha. Askari huyo alikuwa mtu wa wajibu. Kila panya alipojilaza, alimwamsha kwa kirungu, na wengi waliokuwa na nafasi ya kufa kwa dawa wakafa kwa kirungu.

Hidaya aliyaona haya yote, akaogopa. Hakujiogopea yeye, ama ndivyo alivyojiambia. Alimwogopea Mwalimu wake, maana Vifijo palikuwa na wazee kadhaa waliowahi kuandika barua kavu kwa wizara, na nyumba zao sasa zilikaliwa na watu wengine. Asubuhi moja aliwahi kazini, akawatoa panya maiti kwa mfuko, akatia panya wapya aliowanunua sokoni, wanene, wa kahawia, waliokuwa hawajaonja Faraja hata tone. Kisha akaandika ripoti, akaipeleka wizarani bila kumwambia mtu. Redio ikaisoma ripoti hiyo wakati wa chakula cha mchana: panya waliokunywa Faraja wameongezeka uzito, na waliokuwa weupe wamerudiwa na rangi ya asili ya Kishangilia.

Profesa alishuka ngazi polepole. Akasimama mbele ya vizimba.

"Hidaya, panya wangu weupe wako wapi?"

"Nimewafukia, Mwalimu."

"Na hawa?"

"Hawa ni wa kukuokoa wewe."

Mzee aliinama akawatazama wale panya wa kahawia, mmoja mmoja, kwa heshima ileile aliyowapa panya wote. "Hata jina la aina yao hulijui," akasema. "Yaani mimi niishi, halafu watu wa mikoani wanywe?"

Profesa akapanda juu, akaandika barua nyingine, kavu kuliko ya kwanza.

*

Kamati ya Maadili ya Utafiti ilikutana katika ukumbi wenye mapazia mekundu. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake Waziri. Wajumbe walikuwa kipa mstaafu wa timu ya taifa, mama mmoja aliyeshinda mashindano ya kukaanga samaki akiwakilisha wananchi, pamoja na sheikh na mchungaji, waliokalishwa mmoja kulia na mmoja kushoto ili picha itoke vizuri. Hidaya aliitwa kama shahidi, akaketi mwisho wa meza.

"Profesa," akaanza Mwenyekiti, "inadaiwa unaionea wivu dawa."

"Nadai inaua," akasema Profesa.

"Umeshawahi kuinywa?"

"Sijawahi."

"Basi unazungumzia kitu usichokijua!" Kipa mstaafu alipiga meza kwa furaha, maana hilo alilielewa. "Mimi sijawahi kusema mpira mgumu kabla sijaudaka."

Waziri Mabruki, aliyekuwa amekaa pembeni kama mgeni mwalikwa, akakohoa taratibu. "Tusimlaumu mzee. Mwanasayansi hataki maneno, anataka ushahidi. Nami nasema apewe ushahidi. Ajaribiwe yeye."

Ukumbi ukapiga makofi. Katibu akasoma Sheria ya Kujitolea, inayosema kwamba kila raia ana hiari ya kujitolea kwa utafiti, na raia atakayeacha hiari yake ilale bure atashtakiwa kwa ubadhirifu.

"Na nani atasimamia jaribio?" akauliza mchungaji, kwa sauti ya mtu anayetumaini atajibiwa upesi.

Waziri akanyoosha kidole mwisho wa meza. "Yupo bingwa wetu wa panya. Dakta Hidaya, tangu sasa wewe ni Kaimu Mkuu wa Maabara."

Hidaya alihisi mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa hofu. La pili alilikanyaga haraka haraka kabla halijapata jina, lakini lilikuwa limeshamfanya aketi wima.

*

Profesa akalazwa katika chumba kidogo mwisho wa maabara, kilichotengwa na vizimba vya panya kwa ukuta wa mbao. Bi Mwanahawa hakuruhusiwa kumwona, kwa maelezo kwamba mapenzi ya mke huharibu matokeo. Alikuja na uji wa pilipili manga hadi getini, akarudi nao.

Siku ya dozi ya kwanza Hidaya aliingia na kikombe. Profesa akaonja, akazungusha ulimi.

"Hii ni sharubati ya ukwaju."

Hidaya aliusukuma mlango ukafunga. "Kunywa, Mwalimu. Kila siku nitakuletea hiyo. Utakaa humu mwezi, utatoka mzima, watasahau."

"Nikitoka mzima watasahau nini? Watasema Mtagwa kanywa, hakufa. Kisha gari la dawa litaondoka hapa kwenda kila zahanati." Mzee akaweka kikombe chini. "Nimefikiri sana. Panya hawakuaminika kwa sababu hawakuweza kusema. Mimi naweza. Niletee Faraja yenyewe, na wewe utazame, uandike, kisha ukaseme mbele za watu. Mtu mmoja anatosha, akiwa na mtu wa kumsemea."

"Mwalimu, unaniomba nikuue."

"Nakuomba usimame karibu nami nikifa. Kuna tofauti, ingawa leo huioni." Akamshika mkono. "Utasema?"

"Nitasema."

"Hidaya. Utasema?"

"Wallahi nitasema."

Akaleta chupa ya kijani. Profesa akanywa, akakunja uso, akasema mbuzi yule alistahili pole.

Baada ya siku chache miguu ikaanza kuvimba. Kila asubuhi mzee alijieleza kama anafundisha darasa. "Bonyeza hapo juu ya kifundo. Umeona shimo linavyobaki? Zuri sana. Andika. Mkojo wa jana haukujaza hata kikombe cha kahawa, na rangi yake ya kahawa. Andika." Hidaya aliandika, akatoka, akaenda kulia kwenye chumba cha kuoshea vioo, akarudi akaandika tena. Kisha uvimbe ukapanda. Mashavu ya Profesa, yaliyokuwa yamebonyea tangu ujana wake, yakajaa, yakang'aa.

Hapo ndipo Waziri alipokuja na televisheni.

"Subhana! Tazameni mashavu!" akapaza sauti mlangoni. "Aliingia humu kama ufito, sasa kama bwana harusi!"

Kamera zikasogea. Profesa akajiinua kwa kiwiko, akakusanya pumzi, akasema ndani ya kinasa sauti, kwa uwazi wote aliobaki nao: "Sikojoi. Ndugu wananchi, sikojoi tena."

Mtangazaji akaigeukia kamera akitabasamu. "Profesa anathibitisha kwamba Faraja imemwondolea kero ya kwenda msalani! Mwili wake sasa haupotezi kitu."

Jioni hiyo Shangilia nzima ilimtazama. Wimbo ukatungwa uitwao *Nenepa na Faraja*. Bi Mwanahawa alimtazama kwa jirani, akapiga vigelegele, na kesho yake alimngoja Hidaya nje ya geti, akamkumbatia mbele ya askari.

"Mwanangu, umemnenepesha! Miaka yote nimempikia, nazi kwa samli, hakuongezeka hata unyoya. Ulimpa nini?"

"Ni dawa, Mama."

"Mungu akulipe."

Hidaya alitaka kumwambia palepale. Lakini askari alikuwa anasikiliza, na siku ya kusema ilikuwa imeshapangwa, Kongamano Kuu la Tiba, mbele ya Rais na mabalozi. Akaona afadhali asubiri aseme mara moja, pale ambapo neno lake litasikika. Alijiona mwenye busara.

*

Siku ya Kongamano alivaa gauni la bluu. Profesa, ambaye sasa hakuweza kufumbua macho vizuri kwa uvimbe, alimwambia: "Usiseme haraka. Ukiona wanakohoa, ngoja."

Alikuwa amejitayarisha kutishwa. Usingizini na njiani alikuwa ameshaisikia sauti ya Waziri ikimwambia kuhusu gereza, kuhusu wazazi wake bara, kuhusu ajali zinazoweza kumpata mtu. Na majibu yote alikuwa nayo. Alifika ukumbini akiyarudia moyoni. Waziri alimpokea kwa mikono miwili. Akamwuliza kama amekunywa chai. Akamletea kiti. Akasema, "Sema tu ulichokiona, mama. Sisi tunakuamini." Hakumtisha. Hakuna hata mmoja aliyemtisha, na hilo ndilo lililomsumbua Hidaya miaka yote iliyofuata.

Mshereheshaji akatangaza: "Anayekuja mbele yenu ni mkuu mpya wa maabara, Profesa Hidaya Sekivunga!"

Profesa. Hakuwa na taarifa. Watu walisimama na kupiga makofi kabla hajafungua mdomo, na Mtukufu Rais mwenyewe alimpungia kidole. Hidaya akashika meza. Aliyaona maneno yote yamejipanga kichwani, miguu, mkojo, figo. Akayaona yakingoja kama abiria. Akasubiri makofi yaishe ili aanze. Hayakuisha haraka. Na katika kule kuyasubiri, akagundua kwamba anayafurahia.

"Mtukufu Rais," akasema, "mgonjwa anaendelea vizuri."

Ilimchukua muda mfupi mno. Baada ya hapo sentensi nyingine zilikuja zenyewe, kama ng'ombe wanaomfuata wa mbele. Alipomaliza, malori yalikuwa tayari yameshapakiwa nje, na Rais akapunga kitambaa yaondoke.

Alirudi maabarani jua likiwa bado kali. Profesa alimsikia akiingia.

"Umesema?"

"Nimesema, Mwalimu."

"Wakafanyaje?"

Hidaya akakaa kitandani. "Walinyamaza. Ukumbi mzima kimya. Kisha Waziri akainamisha kichwa."

"Na malori?"

"Yamezuiwa."

Profesa Mtagwa alitabasamu, na kwa vile uso wake ulikuwa umejaa maji, tabasamu lile lilichukua muda kufika. "Umeona?" akasema. "Mtu mmoja anatosha." Akaomba ageuzwe upande wa kibla. Alfajiri hakuwepo.

*

Ndipo shida ilipoanza. Daktari wa zamu alikataa kuandika cheti cha kifo. "Huyu anaendelea vizuri," akasema. "Nimemsikia mwenyewe kwenye redio." Mlinzi wa chumba cha maiti naye akagoma kumpokea mtu asiye na cheti. Kwa hiyo Profesa akabaki kitandani kwake. Asubuhi aliletewa uji, na mchana ikaandikwa kwamba ameumaliza. Wauguzi walimpima joto wakaandika kuwa ameanza kupoa, jambo ambalo Waziri alilitangaza kama dalili njema.

Bi Mwanahawa alikuwa ameingiwa na wasiwasi asiojua ulikotoka. Akaja akakaa getini, juu ya ukingo wa saruji, akakataa kuondoka.

"Siombi kuingia," akamwambia Hidaya. "Mwambie ajisogeze dirishani tu, anipungie mkono."

"Amelala, Mama."

"Basi nitangoja aamke."

Akangoja. Alingoja siku hiyo, na siku iliyofuata akaja na mkeka. Joto la Vifijo mwezi ule lilikuwa kali, na ukuta wa mbao wa maabara hauzuii harufu. Panya wenyewe walianza kuhangaika.

Hidaya akaenda wizarani. "Mheshimiwa, lazima azikwe."

"Kwa kosa gani?" Waziri aliuliza kwa dhati. "Mtu uliyemtangaza mzima mbele ya Rais hawezi kufa kwa figo. Akifa, nani atakuwa ameongopa? Rais? Mbuzi? Au wewe?"

Hidaya alimfikiria Bi Mwanahawa juu ya ule mkeka. Alimhurumia, huruma ya kweli. Na ilikuwa ni huruma hiyo iliyomwezesha kusema alichosema.

"Watu wazima pia hufa, Mheshimiwa. Hufa kwa ajali."

Waziri akainuka akampa mkono. "Sasa," akasema, "sasa ndiyo umekuwa Profesa."

Iliamuliwa kwamba Profesa Mtagwa, kwa nguvu nyingi alizopewa na Faraja, alitoroka kitandani kwenda kukimbia mazoezi barabarani. Hidaya alidhani kuandika kungetosha. Lakini Kamati ya Maadili ilikataa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba sayansi haitaki maneno, inataka ushahidi.

Alasiri wakamtoa kwa machela kupitia mlango wa nyuma, upande usio na chokaa. Trafiki wakafunga njia. Wakamvalisha kaptura na viatu vya raba, wakamlaza katikati ya lami. Lori lililokuwa karibu ni la kusambazia Faraja, na dereva wake, Msafiri Gombo, aliteremka akaangalia, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Bwana mkubwa, mimi nimkanyage maiti? Nina watoto mimi!"

"Nani kakwambia ni maiti?" akafoka ofisa wa trafiki. "Kisheria huyu ni mzima. Ndiyo maana tunakutaka umgonge."

"Ikiwa ni mzima ndiyo kabisa sitaki!"

Walimtia kofi, wakampandisha. Hidaya alitakiwa awepo kama shahidi wa kitaalamu. Alijiambia atafumba macho, lakini mtu aliyezoea kutazama hafumbi kirahisi. Aliona kila kitu. Aliona hata kwamba hapakutoka damu, akamwita ofisa pembeni na kumshauri wamwage ya akiba kutoka maabara, maana jambo kama hilo lingeweza kutiliwa shaka.

Cheti kikatoka saa ileile. Msafiri Gombo alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo cha raia mwenye afya njema, akafungwa, na watoto wake wakaelezwa wajifunze kwa kosa la baba yao.

*

Mazishi yalikuwa ya heshima. Waziri alisema taifa limempoteza mtu aliyekufa akiwa katika hali bora kabisa ya maisha yake. Wakati huo taarifa zilikuwa zimeanza kuingia kutoka mikoani, kwamba watu wamejaa mashavu na miguu, na Idara ya Takwimu ikatangaza kwamba njaa imetokomezwa nchini.

Hidaya alikwenda kutoa pole. Nyumba ileile alimolishwa wali ilijaa wanawake waliokaa chini kwenye mikeka. Wakampisha kwa heshima. Bi Mwanahawa alikuwa chumbani, eda imeanza, amejifunika nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Alimkalisha karibu naye, akamshika kiganja.

"Nilimwosha mwenyewe," akasema. "Walinikataza, nikasema ni mume wangu. Walivyomharibu, mwanangu. Walivyomharibu." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Wewe ulikuwepo. Nataka uniambie kitu kimoja, usinifiche. Lile lori. Lilipompitia, aliumia?"

"Hapana, Mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hakuhisi kitu."

Na katika yote ambayo Maabara ya Figo iliiambia Jamhuri ya Shangilia tangu Hidaya aikalie, hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Bi Mwanahawa akafunga macho, machozi yakamtoka, akashukuru Mungu mara nyingi. Kisha, kama alivyofanya siku zote kila Hidaya alipokuja, akamtazama usoni na kugutuka. "Mbona umekonda hivi? Huli? Unajiua kwa kazi." Akapapasa nyuma ya mto, akatoa chupa ya kijani na kijiko. "Kunywa. Mimi nainywa tangu nilipomwona Mwalimu wako kwenye televisheni. Nilisema akirudi anikute na mimi nimenawiri."

Hidaya akatazama chini. Miguu ya Bi Mwanahawa ilichomoza kwenye pindo la nguo nyeupe, mikubwa, imenyooka ngozi, inang'aa. Kamba za ndala zilikuwa zimeacha mfereji, na mfereji haukufutika.

Wanawake mlangoni walikuwa wakitazama. Walitazama kwa upendo. Walikuwa wakimwona Profesa wa Faraja akinyweshwa na mama mjane. Mmoja wao alishaanza kuimba kwa sauti ya chini.

Hidaya akafungua mdomo. Kijiko kikaingia.

"Ahsante, Mama," akasema.

"Cha pili?"

"Kimetosha."

Akaomba ruhusa, akapita katikati ya wanawake, akazunguka nyuma ya nyumba penye pipa la maji. Akajitia vidole viwili kooni, kwa ustadi wa mtu anayejua mahali pa kugusa, akatapika mpaka tumbo likawa safi. Akanawa uso, akafuta midomo, akajitazama kwenye maji kama kuna alama. Kisha akarudi ndani kuaga. Bi Mwanahawa alikuwa amejimiminia kijiko chake mwenyewe, na Hidaya akamshikia tasbihi ili anywe vizuri.